Nimeweka bango, nembo na mifuko lakini wateja hawarudi. Jina la biashara linajengwaje?

FundiWaMbale

Habari zenu wandugu. Niko Mbale mjini, Uganda, niko na duka la kushona, cherehani 3 na ovaloku moja, wasichana 2 wananisaidia. Tunashona yunifomu, gomesi (lile gauni refu la heshima la wamama), nguo za kwanjula (mchumba kutambulishwa kwa wazazi wa binti) na za harusi. Mwaka jana nikaamua na mimi nijenge jina, nikalipa kijana akanichorea nembo nzuri sana, nikaweka bango kubwa juu ya mlango, tisheti za wasichana, kadi, na mifuko ya kitambaa yenye jina la duka, maana sikutaka kumpa mtu nguo ya sherehe kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Nikaanza na video za TikTok. Yote ilinimaliza shilingi 1,200,000.

Watu walikuja kweli, siwezi kusema bango halikufanya kazi. Lakini juzi nimekaa na daftari nikahesabu, wale wapya 23 walioshona kwangu miezi 3 ya kwanza waliorudi ni 4 tu. Wanne.

Alafu kuna hili ndo limeniumiza. Mama mmoja alileta kitambaa cha gomesi, kwanjula ya mtoto wa dada yake ni Jumamosi, nikamwambia njoo Alhamisi. Alhamisi haikuwa tayari. Ijumaa umeme ukakatika tangu asubuhi, haikuwa tayari. Jumamosi saa mbili asubuhi kaja, gomesi imeshonwa lakini vifungo bado, akaangalia, akageuka akaenda zake, nasikia alivaa ya kuazima. Jioni akaweka picha ya mfuko wangu kwenye stetasi ya WhatsApp, ule mfuko niliolipia mwenyewe, akaandika chini yake: wakikwambia kesho jua ni wiki ijayo. Watu wakaichukua wakaipeleka kwenye magrupu ya wamama, mpaka mteja mmoja wa Tororo akanitumia akiuliza huyu ni wewe?

Rafiki yangu ananishauri nibadilishe jina la duka nianze upya. Mwingine anasema niongeze matangazo watu watasahau. Naomba ushauri wa watu wenye biashara, nifanye nini?

MzigoKikuubo

Pole sana dada. Usibadilishe jina, ukibadilisha unalipia bango lingine alafu habari ileile inakufuata, maana sura yako ni ileile na mtaa ni uleule.

Mfuko wako ulifanya kazi yake vizuri tu, mfuko unabeba habari, shida ni habari uliyoiweka ndani. Bango linamleta mtu mara ya kwanza. Mara ya pili analetwa na yale yaliyompata mara ya kwanza, na hapo hakuna nembo inayosaidia.

Mi nauza vitenge Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, wateja wangu wengi ni wamama wa Butembo na Beni kule Kongo, mizigo yao inapitia Kasese na mpaka wa Mpondwe. Kuna mama mmoja alinunua mzigo, akafika kwake akafungua, akanipigia kwamba vitenge 4 vina madoa ya maji. Mi mzigo niliufunga mwenyewe na ningeweza kusema kabisa hayo ni maji ya njiani, shauri yako na mwenye lori, na wengi hapa ndivyo wanavyosema. Nikamwambia nipigie picha. Kapiga, nikaona. Jioni ileile nikatafuta vingine 4 rangi zilezile nikavipakia kwenye lori lililokuwa linaondoka na usafiri nikalipa mimi. Hata hakunishukuru sana, alisema tu vimefika. Lakini safari yake iliyofuata alikuja na wenzake 2, na hao wakaleta wengine, leo nikihesabu ni wamama 9 kutoka mji mmoja. Na sikia hii dada, hawajui jina la duka langu lililoandikwa mlangoni, wakifika pale chini wanauliza wapi kwa yule anayerudishaga. Hilo ndo jina langu. Sikulichora mimi, ila naliishi kila siku na nalilinda kuliko bango.

Kitu kingine, msalimie mtu kwa lugha yake. Serikali ilisema mwezi wa 7 mwaka 2022 Kiswahili kiwe lazima shuleni, sisi Kikuubo tulikuwa tumeshaanza zamani kwa sababu ya mkate. Mama wa Butembo ukimwongelesha Kiingereza anaonyesha kwa kidole, analipa, anaondoka. Ukimwambia karibu mama, habari za safari, anakaa, anakueleza kule kwao mwaka huu wanapenda rangi gani, na hiyo habari kuna wafanyabiashara wanaitafuta kwa pesa.

BeiNdoMpango

Mi niko soko la Owino Kampala kwenye mitumba miaka 8 na nawaambia ukweli, mteja wetu hapa anaangalia bei. Unaweza kumsalimia kwa lugha 5, akiona jirani yako anauza chini kwa 2,000 anahama na salamu zako. Dada punguza bei ya kushona, watarudi. Mambo ya huduma nzuri ni ya mahoteli makubwa.

RolekisiJinja

Kaka wa Owino naheshimu miaka yako 8 ila kwa hili sikubaliani. Barabara ninayokaangia mimi hapa Jinja iko na vibanda 6 vya rolekisi, chapati ya mayai, na bei yetu ni moja wote, maana unga ni uleule, trei ya mayai tunanunua sehemu moja, makaa ni yaleyale, hakuna anayeweza kushusha bila kuiba kwenye mayai. Sasa kama ni bei tu mbona vibanda 2 vina foleni na 4 vinafukuza nzi?

Nilikaa mwaka mzima kwenye wale wa kufukuza nzi kwa hiyo nimeona pande zote. Nilichobadilisha cha kwanza ni maji. Nikaweka jerikani yenye bomba na sabuni mbele, siyo nyuma yangu, mbele, mtu ananawa kabla hajaniambia anataka nini, na ananiona na mimi nanawa nikishika pesa kabla sijashika chapati. Hilo peke yake liliniletea wanafunzi na wauguzi.

Cha pili ni muda. Nilikuwa namwambia kila mtu dakika 5, dada yangu FundiWaMbale hii inakuhusu kabisa. Siku moja nikapima na saa ya simu, chapati 2 mayai 2, nikiwa na watu 4 mbele, ni dakika 18. Kwa hiyo nilikuwa nadanganya kila mteja bila kujua kama nadanganya, nilikuwa nataka tu asiondoke. Sasa nasema 20. Wengine wanaondoka kweli, sikufichi, siku za mwanzo roho iliniuma. Lakini anayebaki nampa kwa 18 na anaondoka anacheka, na yule aliyeambiwa 5 akapata kwa 18 alikuwa anaondoka amenuna, na dakika ni zilezile.

Na cha tatu nakumbuka nani hali kitunguu. Basi.

Yani hata rolekisi yenyewe, ni mayai yaliyokunjwa kwenye chapati, hakuna kampuni iliyoitangaza ikapata jina nchi nzima mpaka wageni wa ng'ambo wanaiulizia wakishuka Entebbe. Ilitangazwa na midomo ya waliokula wakashiba.

Kuhusu bei tena, mama anayeuza nyanya sokoni ana bei sawa na jirani yake, lakini ukimaliza kulipa anachukua moja anakuongezea juu. Nyongeza. Ile nyanya moja ndiyo inakufanya kesho uvuke watu 10 umfuate yeye.

HelmetiMbili

Naongezea kidogo. Mi nimeendesha boda Kampala muda mrefu sasa nafanya kazi nyingine. SafeBoda, ile kampuni ya boda za kuita kwa simu, walipoanza 2014 wengi wetu hatukuamini, tulisema nani atakubali kuvalishwa koti la machungwa. Mmoja wa walioianzisha, Ricky Rapa Thomson, mwenyewe alikuwa anaendesha boda, ndo maana alijua abiria anaogopa nini. Na angalia walivyofanya, hawakuanza na kusema sisi ni wazuri. Abiria anaogopa kuanguka, basi kuna helmeti ya pili ya kwake. Anaogopa kufika alafu aambiwe bei nyingine, basi bei anaiona kwenye simu kabla hajapanda. Anaogopa kupanda na mtu asiyemjua, basi jina na namba ya dereva viko kwenye koti mgongoni anavisoma njia nzima. Rangi ya machungwa ilikuja kuwa na maana baada ya hayo, koti hilohilo bila hayo ni koti tu.

Kwa hiyo dada usituulize sisi jina linajengwaje, jiulize mteja wa fundi anaogopa nini akivuka mlango wako. Mi nikienda kwa fundi naogopa vitu 3: siku haitakuwa ile, kitambaa changu kitaharibika au kitapungua, na nikija kuchukua nitaambiwa bei imeongezeka sababu ya zipu. Mjibu hivyo vitatu.

JajjaCherehani

Mwanangu FundiWaMbale, mimi nimeshona hapa Bombo miaka 31, sasa macho yamechoka lakini mikono bado inajua. Nimesoma yote waliyosema watoto hawa na wamesema vizuri. Ngoja nikuambie mambo ya cherehani yenyewe.

Kwanza nikuambie usilolipenda. Umeandika umeme ulikatika Ijumaa. Lakini gomesi uliiahidi Alhamisi, na Alhamisi umeme ulikuwepo. Kwa hiyo sio umeme. Uliichukua ile kazi ukiwa na nyingine nyingi mezani na ulijua, ila uliona pesa ya dipoziti mkononi mwa yule mama ukaogopa isiondoke. Sikulaumu, nimefanya hivyo miaka mingi mpaka nikaacha, na kuacha kulinigharimu wateja wa haraka haraka ila kuliniletea wale wa kudumu, na hao ndio wamenisomeshea watoto.

Gomesi ni mita 6 za kitambaa. Kukata vizuri, kusimamisha yale mabega yawe na ncha bila kulala, kifua cha mraba kikae sawa, vifungo 2 vya kushoto, mshipi, upindo mrefu chini, mimi nikiwa na nguvu zangu ilikuwa ni siku nzima ya mtu mmoja bila kuinuka. Wewe jipime kwa saa kama alivyojipima huyu wa Jinja. Ukijua ni siku moja, basi wiki ya siku 6 usichukue gomesi 6 kwa cherehani moja. Chukua 4, moja acha ya ajali, moja ya marekebisho. Miaka ya imbalu, ile tohara ya Wagisu, ndiyo mtihani kwenu huko Mbale, 2024 ilipofunguliwa pale Mutoto mwezi wa 8 najua mafundi wenu walichukua kazi za ukoo mzima, babu mpaka wajukuu, nusu wakavaa nguo zenye pini. Na uwe na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, hiyo haijui umeme.

Daftari lako mwanangu lina nini? Mafundi wengi wanaandika jina, vipimo, na pesa iliyobaki. Andika tarehe 3: ya kupima, ya kuja kujaribu, ya kuchukua. Na ya nne ndiyo kubwa, siku ya sherehe yenyewe. Mteja akisema nataka Alhamisi muulize unavaa lini na unavaa wapi. Kama anavaa Jumamosi, kujaribu kuwe Jumanne, maana mwili wa mtu unabadilika na kitambaa kina tabia zake, ukigundua kwapa linabana Jumanne una muda, ukigundua Jumamosi saa mbili asubuhi huna.

Kitambaa. Mteja akikiacha, kata kipande kidogo kama kucha mbele yake, kibane kwa pini kwenye ukurasa wake. Anaona kwamba hakitabadilishwa. Pima mita mbele yake, andika. Na mabaki, mwanangu, mabaki yote rudisha. Hata yakiwa ya kutosha mkono mmoja tu wa gauni la mtoto. Yakunje vizuri uyaweke chini ya nguo ndani ya ule mfuko wako. Watu wote Uganda wanaamini fundi anakula mabaki, mtu akifika nyumbani akafungua akayakuta, atawaita majirani kuwaonyesha. Huo mfuko utasema kitu kingine.

Bei iseme mwanzoni pamoja na uzi, vifungo, zipu, na kitambaa cha ndani. Ukikosea hesabu, hasara ni yako, mwezi ujao utahesabu vizuri.

Na ukiona utachelewa, utaona siku 2 kabla, fundi anajua moyoni. Piga simu siku hiyo. Mpigie kabla hajapanda boda kuja kwako. Mtu akiambiwa nyumbani atakasirika atapanga lingine, mtu akiambiwa mlangoni kwako hakusamehe.

Yule mama nenda kwake. Nenda mwenyewe, usitume msichana. Beba gomesi imemalizika na vifungo vyake, beba pesa yake yote ya ushonaji, beba mabaki. Usimwombe afute kitu chochote kwenye simu. Kaa umsikilize mpaka amalize.

MsajiliMtaani

Nitasema kifupi maana sio mambo ya kushona. Dada umelisajili hilo jina URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara? Wengi wanafikiri wakishasajili jina la biashara basi nembo yao iko salama, hapana, hivyo ni vitu viwili, alama ya biashara inasajiliwa peke yake chini ya sheria ya mwaka 2010 na ukiipata inakulinda miaka 7 ya kwanza, baadaye unaihuisha kwa miaka 10. Lakini mimi nikuambie kama ndugu, tengeneza kwanza mambo aliyosema Jajja ndo uende kusajili, maana unachosajili ni kile watu wanachokijua.

Lingine, hizo video za TikTok, una ruhusa ya wateja? Kuna sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa na faragha za watu. Mtu alikuja kwako kupimwa kiuno, hakuja kupigwa picha. Muulize kwanza, na akikataa asione sura yako ikibadilika. Na hizo namba za simu kwenye daftari usizitumie kutuma matangazo kila asubuhi, mtumie mtu ujumbe wa nguo yake basi.

BeiNdoMpango

Bado nasema bei ina nguvu, ila hii ya mabaki imenigusa, mama yangu aliacha kushonesha kabisa sababu ya fundi mmoja aliyekula mita 2 za kitambaa alicholetewa na dada yake kutoka Mombasa. Miaka 15 imepita bado anamtaja kwa jina kila tukipita pale. Hakuwahi kutaja bei aliyotozwa.

FundiWaMbale

Wandugu nimerudi, wiki 2 zimepita, nilikuwa nasoma lakini sikuwa na la kuandika mpaka niende.

Nilienda kwa yule mama, kule Nkoma, Jumapili baada ya kanisa. Alinisimamisha mlangoni muda mrefu. Nikamwambia mama sikuja kujitetea, gomesi hii hapa, pesa yako hii hapa yote, na mabaki haya. Akayafungua mabaki akayapima kwa mkono wake, kimya. Alafu akanikaribisha ndani.

Nilifikiri atasema habari ya kuchelewa. Hakusema. Alisema: Ijumaa nilipokuja, msichana wako aliniambia madam hayupo, nami nilikuwa nasikia sauti yako nyuma ya pazia unaongea na simu.

Wandugu niliishiwa maneno kabisa. Ni kweli. Nilikuwepo. Na yule msichana hakujitungia, mimi ndo nimewafundisha wote wawili waseme hivyo kazi ikiwa haijaisha. Mama akasema nguo kuchelewa ningeweza kuelewa, na mimi ni mwalimu najua umeme wa hapa, lakini kufichwa kama mimi nadai deni, hilo lilinifanya niweke ile picha.

Hajaleta kazi nyingine na sikumwomba. Pesa alipokea nusu, nusu akairudisha mezani akasema ile ni ya mabega, mabega umeyasimamisha vizuri.

Nimetoa lile pazia. Daftari jipya nimenunua, tarehe 4 kila ukurasa, na kipande cha kitambaa kwa pini kama Jajja alivyosema, wateja wanashangaa wanauliza hii ni ya nini, nikiwaeleza wanacheka wanasema fundi gani wewe. Kujipima pia nimejipima, gomesi kwangu ni saa 9, yunifomu ya shule ya msingi, shati na kaptula, saa 2 na nusu. Nilikuwa nafikiri ni saa moja.

Swali langu sasa ni wasichana. Mmoja bado akiona mteja wa kazi iliyochelewa anainama chini ya meza anajifanya anatafuta sindano. Nimemwambia aseme ukweli lakini anaogopa, na mimi najua woga huo nimeuweka mimi. Nafanyaje?

RolekisiJinja

Asante kwa kurudi na kusema hili la pazia mbele ya watu, wengi wasingesema.

Msichana anaogopa kwa sababu ukweli unamwacha mikono mitupu. Anasema haijaisha, alafu? Mteja anampigia kelele na yeye hana kitu cha kumpa. Mpe kitu. Mimi kijana wangu ana ruhusa, chapati ikiungua au mtu akingoja zaidi ya tulivyosema, anampa chai bure bila kuniuliza, hata nikiwa sipo, na jioni simuulizi kwa nini. Wewe mwambie kazi ikichelewa ana ruhusa kupunguza mpaka 5,000, au kuipeleka nguo kwa boda mpaka nyumbani kwa mteja na duka linalipa. Mwezi wa kwanza atakosea, atatoa pasipostahili. Vumilia.

JajjaCherehani

Na siku mteja mkali akija, simama wewe mbele, yeye akae nyuma yako asikie unavyoongea. Mara 3 au 4 hivi. Alivyojifunza madam hayupo kwa kukusikiliza, atajifunza na hili.

Na wewe mwanangu mlipe kwa siku uliyomwahidi. Siku yake ya mshahara nayo iandike kwenye daftari.

FundiWaMbale

Asanteni sana, Jajja hilo la mwisho nimelisoma mara mbili, maana mwezi uliopita niliwalipa tarehe 9 badala ya tarehe mosi.

Jana mwalimu mkuu wa shule moja hapa alikuja anataka yunifomu 60 muhula ukifungua. Zamani ningesema ndiyo kabla hajakaa. Nikafungua daftari mbele yake, tukahesabu saa na siku pamoja, nikamwambia naweza 40 kabla ya kufungua, 20 wiki inayofuata. Akasema atafikiria, akaondoka, usiku sikulala. Leo asubuhi kapiga, nianze na hizo 40, za darasa la kwanza, wale wa madarasa ya juu wana za mwaka jana.

MzigoKikuubo kaka, nahitaji uzi wa bluu ya shule, boksi 2, na vifungo vyeupe vya shati. Jirani yako yeyote anayeuza vizuri nielekeze.

MzigoKikuubo

Nitakununulia mwenyewe, kuna mzee hapo ngazi za chini ninamwamini. Nipigie picha ya kitambaa mchana nje kwenye jua, usipige usiku ndani, taa inabadilisha bluu. Nitumie ujumbe binafsi na jina la basi unalopenda. Ikifika rangi ikiwa tofauti hata kidogo usiishone, nirudishie.